Tupa na Sindano: Upendo na Tamaa katika Kisa cha Fumo Liyongo

Somo kwa vikundi vya vijana, wachumba, wazazi na akina mama
Kabla ya kukutana someni: Mwanzo 29:15-30, 2 Samweli 13:1-20, 1 Wakorintho 13



Jumapili moja baada ya Ibada, mvua ikiwa imetuzuia chini ya baraza ya kanisa kama ilivyo desturi ya mvua yetu ya Tukuyu, kijana mmoja alitusogelea. Alitoa shikamoo, akatazama huku na huku, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mtu atajuaje kama anampenda msichana au anamtamani tu?" Tulimjibu upesi, kama walimu tulivyozoea, kwamba upendo ni wa Mungu na tamaa ni ya mwili. Kijana alishukuru akaenda zake. Lakini tuliona usoni pake kwamba hakupata kitu. Sisi wenyewe tulipofika nyumbani tuliona kwamba tulikuwa tumempa maneno ya kukariri, nayo hayamsaidii mtu mwenye moyo unaowaka.

Basi somo hili ni deni tunalolipa. Tumeona tulianzie katika kisa cha zamani cha pwani, ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni, kisha tukiweke kando ya Maandiko.

1. Kisa chenyewe

Fumo Liyongo alikuwa shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini, nchi ambayo leo ni Kenya, katika visiwa vya Lamu na Pate na kwenye mlango wa mto Tana. Mpaka leo watu wa Kipini huonyesha mahali wanapopaita kaburi lake. Juu ya wakati wake wataalamu wametofautiana: wako wanaomweka katika karne ya 13, na wako wanaomsogeza mbele hadi karne ya 17. Habari zake zilipokewa kwa mdomo na kwa nyimbo. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu alizitungia utendi. Nasi Waanglikana tuna sehemu yetu katika kuzihifadhi, kwa maana Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, alikuwa amekwisha kuchapa hadithi ya Liyongo mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili alizozikusanya Unguja.

Kwa ufupi kisa ni hiki. Liyongo alikuwa mtu wa kimo na nguvu zisizo za kawaida, na watu walimpenda. Mfalme wa Pate alimwogopa asije akamnyang'anya ufalme, akataka kumwua. Kwanza waliahidiwa fedha watu wa porini waliokaa naye, lakini hawakumweza. Kisha alikamatwa akafungwa gerezani kwa minyororo.

Kila siku mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Askari walikuwa wakikichukua chakula kizuri wakakila wao, wakamwachia makombo. Liyongo akatunga wimbo, akamwimbia Saada aufikishe kwa mama: ampikie mkate wa pumba, na ndani yake atie tupa. Mama alifahamu. Askari waliuona mkate ule wa pumba wakaudharau, wakampa mfungwa. Usiku watu walipokuwa wakicheza ngoma ya gungu, matoazi yakilia nje ya gereza, Liyongo alikata minyororo kwa ile tupa, na sauti ya chuma haikusikika. Akatoka.

Mfalme alipoona nguvu na fedha zimeshindwa, alitafuta mlango wa ndani. Liyongo alikuwa na mwana wa kiume, ambaye mama yake alikuwa mwanamke wa Wagala. Mfalme akamwita kijana, akamkirimu, akamwambia: ukiniletea siri ya kitu kinachoweza kumwua baba yako, nitakuoza binti yangu na kukupa cheo. Kijana akaenda kwa baba yake, akamwuliza. Baba akamwambia kwamba hauawi kwa kitu chochote ila kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Kijana alirudi na habari, akapewa sindano, akaja akamchoma baba yake usingizini.

Liyongo aliamka, akachukua uta na mishale, akaenda kisimani, akapiga goti huku uta umevutwa, akafa katika hali hiyo. Watu hawakuthubutu kwenda kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai. Mama yake ndiye aliyeletwa kumsihi. Mwisho mwili ulianguka, wakajua amekufa. Na yule kijana? Binti wa mfalme hakumpata. Aliishia katika aibu na mauti. Wahenga walisema: tamaa mbele, mauti nyuma.

2. Chuma mbili

Ndugu wasomaji, tulipokuwa tukifundisha Kiswahili chuoni, kila mwaka tuliwauliza wanafunzi: "Eleza sifa za Liyongo kama shujaa." Hatukumbuki kuwauliza hata mara moja juu ya mwana. Tulimpita kama mtu mbaya wa hadithi, basi. Leo twaona kwamba yeye ndiye anayefanana na sisi zaidi. Ni wachache wetu walio majitu, lakini tulio wengi tumewahi kuahidiwa kitu tulichokitaka sana.

Angalieni kwamba katika kisa hiki mna vipande viwili vya madini vilivyoletwa kwa Liyongo na watu wa nyumba yake mwenyewe. Kimoja ni tupa, kimeletwa na mama ndani ya mkate wa pumba. Cha pili ni sindano, kimeletwa na mwana nyuma ya maneno matamu. Vyote viwili vilifichwa. Vyote viwili ni vidogo. Tupa ilimfungua, sindano ikamwua. Aliyeleta tupa hakuahidiwa malipo yoyote, tena alijihatarisha. Aliyeleta sindano aliahidiwa mke.

Hapa ndipo tunapopata jibu la kwanza kwa kijana wetu wa barazani. Ukitaka kujua kama ni upendo au tamaa, usiutazame kwanza moto wa moyo wako, maana moto ni moto tu na pande zote mbili huwaka. Tazama unachokileta mkononi. Je, ni kitu cha kumfungua mwenzako, au ni kitu cha kukupatia wewe unachotaka, hata ikiwa mtu mwingine ataumia?

3. Maneno ya lugha yetu

Yafaa tupambanue maneno. Twasema upendo, mapenzi, mahaba, shauku, tamaa, uchu. Neno tamaa halina ubaya peke yake, kwa sababu mtu aliyepoteza tumaini lote tunasema amekata tamaa, na kumwombea arudishiwe. Hata katika Kigiriki cha Agano Jipya neno lile lile linalotafsiriwa tamaa katika maonyo ya Mitume, ndilo analolitumia Bwana wetu katika Luka 22:15 aliposema jinsi alivyotaka sana kula Pasaka pamoja na wanafunzi wake. Kutaka sana si dhambi.

Tena Kanisa lisieleweke kuwa linauchukia mwili. Wimbo Ulio Bora umo katika Biblia zetu, na haukuwekwa humo kwa makosa. Mtakatifu Paulo anawaagiza mume na mke wasinyimane (1 Wakorintho 7:3-5). Liyongo mwenyewe, katika nyimbo zinazohesabiwa kuwa zake, zimo zinazomsifu mwanamke kwa uzuri wake bila haya. Kijana anayevutwa na msichana mzuri hajaanza kutenda dhambi. Ameanza kuwa mtu mzima.

Tamaa mbaya ni kutaka kulikokatwa na mtu. Ni kukitaka kitu kilicho ndani ya mtu, pasipo kumtaka mtu mwenyewe. Hebu turudi Pate tuone.

4. Binti asiye na jina

Katika kisa chote, kijakazi Saada anatajwa jina. Lakini binti wa mfalme, ambaye kwa ajili yake baba aliuawa, hana jina, wala hasemi neno lolote. Haambiwi kama amempenda kijana yule. Haulizwi. Hatusikii kwamba kijana alizungumza naye hata siku moja. Yeye ni chambo tu kilichotundikwa kwenye ndoana, na aliyekitundika ni baba yake mzazi.

Basi kijana alimwua mtu aliyemjua na kumlea, kwa sababu ya mtu asiyemjua. Alichokitamani kilikuwa ni kuitwa mkwe wa mfalme, kukaa karibu na kiti, kutazamwa na watu. Huyu binti alikuwa mlango wa kuingilia tu. Ni mara ngapi hata hapa kwetu tunasikia: "Nimempata mwenye kazi," "nimempata wa ukoo mkubwa," "nimempata mweupe"? Katika sentensi hizo jina la mtu halimo.

Na wazazi tusijione tuko salama. Mfalme ametenda dhambi mbili: amemhonga mwana wa mwenzake, na amemfanya binti yake kuwa malipo. Kila mzazi anayehesabu ng'ombe kabla ya kumwuliza binti yake, amekaa kwa muda katika kiti cha mfalme wa Pate. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971 yenyewe inaitaja ndoa kuwa ni muungano wa hiari, unaokusudiwa kudumu maisha yote. Kwa hiyo hiari ya binti si jambo la kisasa la kuigwa mjini. Ni sheria ya nchi, na ni haki mbele za Mungu.

5. Amnoni na kinywaji cha Tristan

Sasa fungueni 2 Samweli 13. Amnoni, mwana wa Daudi, alimtaka Tamari, dada wa Absalomu, naye alikuwa ndugu yake kwa baba. Alikonda na kuugua. Mtu akimtazama angesema huyu anapenda kweli kweli. Akajifanya mgonjwa kwa shauri la rafiki yake Yonadabu, akaomba Tamari aje ampikie. Tamari alikuja na mikate. Hata alipomsihi kwa maneno ya hekima, hakumsikiliza, akamshika kwa nguvu. Someni sana mstari wa 15. Baada ya kumtenda jeuri, chuki aliyomchukia ilizidi yale mapenzi ya kwanza, akamfukuza na mlango ukafungwa.

Kwa nini chuki? Kwa sababu alichokitaka alikwisha kukipata, na aliyebaki mbele yake sasa ni mtu, mwenye machozi, mwenye sauti, mwenye haki. Tamaa haiwezi kumtazama mtu usoni. Ona tena kwamba Tamari alileta mkate kwa moyo mweupe, kama mama wa Liyongo alivyoleta mkate. Aliyeupokea ndiye aliyekuwa na sindano.

Huko Ulaya, katika zama zile zile za kati, watu walisimuliana kisa cha Tristan na Isolde. Tristan alitumwa kumletea mjomba wake, Mfalme Mark, mchumba kutoka Ireland. Njiani, kwa makosa, yeye na bibi arusi wakanywa dawa ya mapenzi iliyokuwa imetayarishwa kwa ajili ya arusi, wakashikwa kila mmoja na mwenzake, wakamsaliti mfalme na kukimbilia msituni. Katika masimulizi ya Béroul, mtungaji wa Kifaransa wa karne ya 12, nguvu ya dawa ile ilikuwa ya miaka mitatu tu. Ilipokwisha, Tristan akaanza kuwaza jinsi alivyomtoa malkia katika nyumba nzuri na kumlaza katika kibanda cha matawi, na Isolde naye akaanza kusikitikia hasara ya Tristan. Yaani wakiwa wamelewa dawa, hakuna aliyeona hasara ya mwenzake. Dawa ilipoisha ndipo macho yalipofunguka.

Tunalitaja hili kwa sababu hata katika wilaya yetu wako wanaotafuta limbwata ili wapendwe. Ndugu, hata kama dawa hiyo ingekuwa na nguvu, ingekupa nini? Ingekupa mtu aliyelewa. Mtu aliyefungwa hawezi kukupenda. Anaweza kukufuata tu. Upendo huanza pale mtu alipo huru kuondoka, naye akabaki.

6. Kungoja

Yakobo alimtumikia Labani miaka saba kwa ajili ya Raheli, na Maandiko yanasema aliiona kama siku chache kwa vile alivyompenda (Mwanzo 29:20). Baada ya kudanganywa, akatumika saba mingine. Kungoja ni kipimo kikubwa. Tamaa ina haraka, maana inajua kwamba haitadumu.

Wazee wetu wa Unyakyusa walilijua jambo hili kwa njia yao. Mtaalamu Monica Wilson, aliyekaa huku pamoja na mume wake Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1951 jinsi vijana wa kiume walivyojenga vijiji vyao kando ya vijiji vya baba zao, tangu umri wa miaka kumi hivi. Sababu mojawapo ilikuwa heshima: isifae kijana aliyekua akae karibu na mambo ya ndani ya wazazi wake, wala asije akawatamani wake wadogo wa baba yake. Kijana aliendelea kulima shamba la baba na kula kwa mama yake, akingoja baba atoe ng'ombe wa kumwolea. Wakati mwingine alingoja muda mrefu mno, kwa kuwa wazee walikuwa wakitumia ng'ombe kujiongezea wake wao wenyewe. Hatusemi desturi ile ilikuwa haina dhuluma. Tamaa ya wazee nayo ni tamaa, na mvi haziiondoi. Lakini wazee walifahamu kwamba kati ya baba, mwana na mwanamke pana mahali penye hatari, wakajenga uzio mapema. Tena waliishika sana ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kula na kuzungumza na wenzako. Mtu aliyekula peke yake walimtilia mashaka.

Leo vile vijiji havipo. Kijana ana chumba chake mjini na simu mkononi, na picha za kila aina zinamjia bila kubisha hodi. Uzio wa nje umeanguka, basi hapana budi uzio wa ndani ujengwe. Ndiyo kazi ya malezi, na ndiyo kazi ya somo hili.

7. Mkate wa pumba

Hapa tunaomba mtuvumilie, tuseme habari inayotuhusu sisi.

Katika miaka ya 1990, tulipokuwa tukifundisha katika chuo kimoja cha ualimu, alikuwapo mwanachuo wa kike, hodari wa hesabu, mpole. Mtu mmoja mwenye kazi nzuri alimwandikia barua nyingi za kumwahidi ndoa. Barua zilikuwa tamu; tuliziona baadaye. Msichana alipata mimba. Mtu yule hakuonekana tena. Kwa taratibu za wakati ule msichana aliondolewa chuoni, nasi tulikuwa miongoni mwa walimu waliokaa katika kikao. Tulisimama mbele ya darasa siku iliyofuata tukasema: "Mmeona mwisho wa tamaa."

Tulikosea. Si kwamba hapakuwa na tamaa; ilikuwapo. Lakini tuliiweka yote juu ya kichwa cha mmoja, aliyekuwa amedanganywa, na yule mwenye barua hatukumtaja hata kidogo. Tulimpa somo la tamaa, hatukumpa la upendo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kwao kumtazama.

Aliyempenda alikuwa mama yake. Tulikuja kusikia miaka mingi baadaye, kwa msichana mwenyewe, akiwa sasa mama mtu mzima. Mama yule, mjane, alimpokea bila kelele. Mtoto alipozaliwa alimbeba mgongoni yeye mwenyewe, akawa anakwenda kuuza ndizi sokoni alfajiri, ili binti apate kusoma tena mahali pengine. Kuna siku walikula maboga peke yake ili nauli ipatikane. Wala hakumhubiria. Alimwambia neno moja tu: "Mwanangu, kula, usome." Binti yule alimaliza, akafundisha, na mtoto wake amekua.

Tulipoyasikia hayo tuliukumbuka mkate wa pumba. Askari wa gereza la Pate walijua chakula kizuri kwa kukitazama: kilikuwa cheupe, kinanukia. Hawakujua kwamba kilicho cha kweli kimo ndani ya pumba. Barua za mtu yule zilikuwa chakula kizuri. Maboga ya mama yalikuwa pumba, na ndani yake ilikuwamo tupa. Nasi walimu, tuliokuwa na elimu yote, hatukuleta kitu.

Mungu atusamehe. Tumefurahi kuona kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya uzazi kurudi shuleni. Lakini mlango wa shule ukifunguliwa na mlango wa nyumba ukafungwa, msichana bado yuko nje.

8. Baba aliyejua

Limebaki jambo moja katika kisa, nalo ni zito. Mwana alipouliza siri, Liyongo hakuwa mjinga. Utendi unaonyesha kwamba alimwambia mwanawe wazi kuwa wamemhadaa, na kwamba ahadi zile hatazipata. Hata hivyo akamwambia siri.

Kwa nini? Wengine husema ni kiburi cha shujaa, wengine ni kuchoka na maisha. Hatuwezi kumfanya Liyongo kuwa Kristo, wala kisa cha pwani si Injili. Linganisheni na Samsoni katika Waamuzi 16, ambaye naye alitoa siri yake. Samsoni aliitoa kwa kuchoshwa na maneno ya Delila, mwanamke aliyeahidiwa fedha elfu na mia na kila mkuu wa Wafilisti. Liyongo alimwona mwanawe amekwisha kuuzwa, akamwonya mara moja, na aliposhindwa kumfungua macho hakumpiga wala hakumfukuza.

Bwana wetu alijua aliye na mkono mezani pamoja naye. Alimwonya, akampa tonge, wala hakumfunga miguu. Upendo huonya, lakini hauwezi kumlazimisha mtu apende. Wazazi wenye watoto waliopotea katika tamaa wanaujua uchungu huu. Unasema, unalia, na mtoto anakwenda. Wakati huo upendo haushindwi. Unakuwa umefika mahali pa msalaba.

Nalo hili laweza kuwa faraja kwa aliyekwisha kushika sindano. Mwana wa Liyongo alikufa katika aibu, na kisa hakina neno la kumrudisha. Injili inalo. Petro alimkana Bwana, akarudi. Dirisha ambalo hadithi ya Pate haikulifungua, Mungu amelifungua. Kijana uliyekosa, usikae nje.

9. Maswali ya kujipima

Basi kijana wetu akirudi barazani, tungemwambia hivi. Jiulize maswali haya manne, ukiwa peke yako, bila haraka:

(a) Je, ninamjua? Nikimwondolea uzuri, kazi na ukoo, nitabaki na nani? Ninaweza kutaja anachokiogopa na kinachomfurahisha?

(b) Je, naweza kungoja? Akisema bado, nampa heshima ile ile, au nakasirika?

(c) Je, ni nani anayeumia ili mimi nimpate? Kama ni baba, mama, mke niliye naye, au yeye mwenyewe, basi mkononi ninayo sindano.

(d) Akiugua, akinenepa, akizeeka, akikosa mtoto, nitamletea mkate wa pumba? Maana ahadi za arusi tunazozitamka mbele ya madhabahu zinahusu hasa siku za ugonjwa na umaskini.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

Kwa vijana: Kwa nini kijana wa Pate hakuomba hata kuonana na binti? Simu na picha zinatusaidia kumjua mtu, au zinatuzuia?

Kwa wazazi: Ni lini tumewafanya watoto wetu kuwa chambo au malipo? Mahari katika ukoo wetu inasema nini juu ya binti?

Kwa akina mama: Tukisikia binti wa jirani amepata mimba, neno letu la kwanza huwa lipi? Nani katika mtaa wetu anangoja mkate wetu wiki hii?

Kwa wote: Someni 1 Wakorintho 13:4-7 mara mbili. Mara ya pili, mahali pa neno upendo wekeni jina lako, kimoyomoyo. Nyamazeni dakika tatu.

Tuombe

Ee Mungu uliyetuumba wenye miili na mioyo, usituzimie moto uliouwasha mwenyewe, bali uutakase. Utufundishe kumwona mtu mahali tunapoona kitu. Uwape vijana wetu subira, na wazazi wetu hiari ya kutoa bila kuuza. Uwapokee waliodanganywa na waliodanganya. Na mikono yetu ionekanapo mbele zako, ikutwe na tupa, wala si sindano. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.